Mchague Mtu Kwanza, Bastola Baadaye

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo i midomoni mwa watu wengi siku hizi katika mji wa Mpanda na vitongoji vyake, kila yanapozungumzwa mambo ya usalama wa mali na roho. Mnunuzi wa dhahabu atokaye machimboni huitaja. Mchuuzi wa ng'ombe arudiye mnadani huitaja. Hata karani wa chama cha ushirika cha tumbaku, ambaye mshahara wake hautoshi kununua silaha yoyote, naye huitaja. Polisi wako mbali, wasema, na jambazi yuko karibu. Basi ni heri mtu awe na fimbo yake kiunoni, chini ya shati, mahali ambapo hapana aionaye. Kisha hufuata swali: ni bastola ipi ifaayo kubebwa hivyo?

Swali hilo tumeletewa sisi, na si mara moja. Wako wenzetu waonao kuwa halistahili kujibiwa katika ukurasa huu. Sisi twaona kinyume. Jambo ambalo watu wazima hulinong'ona gizani, gazeti halina budi kulisema mchana. Asiyejibiwa na sisi atajibiwa na mlevi wa kilabuni, au na mtu wa magendo ambaye anayo yake ya kuuza. Kwa hiyo tutajibu swali lenyewe, wala hatutalikwepa. Ila twamwomba msomaji avumilie, maana jibu letu laanza na mbebaji, ndipo lifike kwenye bastola.

Kwanza, tusimdharau aulizaye. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ni mkoa mpana wenye misitu mikubwa na watu waliotawanyika. Kutoka Mpanda kwenda Tabora mtu hupita Inyonga, Koga na Sikonge, na kwa mwendo mrefu haoni ila miti. Mtu abebaye fedha za watu katika njia kama hizo, akiwa peke yake na pikipiki yake, ana haki ya kuogopa. Hofu yake si uoga. Ni hesabu ya mtu mwenye mke na watoto. Atakayemcheka mtu huyo akiwa amekaa salama ofisini, basi huyo hajui maisha ya wananchi.

Lakini haifai kusahau kwamba nchi hii yetu inaijua silaha tangu zamani, na elimu hiyo tumeilipia ghali. Lugha yetu yenyewe yatukumbusha. Reli ya tawi itokayo Kaliua ilifikishwa Mpanda mnamo mwaka 1950 kwa ajili ya risasi. Si risasi za bunduki, bali madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa hapa. Neno ni moja, na kitu ni kimoja: madini mazito yatokayo ardhini, ambayo kazi yake huamuliwa na mkono uyashikao.

Karne moja na nusu iliyopita, bara hili la magharibi lilijaa magobore. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, aliwapa rugaruga wake bunduki, na wafanyabiashara wa pembe na watumwa walikuwa na zao. Kila mmoja alisema anajilinda. Mwaka 1879 Wabelgiji walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, wakajenga kituo chenye ngome. Nao pia walisema wanajilinda. Mwaka 1885 kituo hicho kiliachwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Kisha mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia saini mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa na baruti zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu waliyoitoa ilikuwa njema, yaani kukomesha biashara ya utumwa. Lakini wao wenyewe waliingia na mizinga, na mwenye gobore akawa mtumishi wa mwenye bunduki ya kisasa.

Katika siku zilizo karibu nasi, vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vile vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilileta silaha za kivita katika nchi zote zinazolizunguka ziwa. Hapa yatupasa kusema neno moja la haki. Wako watu ambao, kila jambazi akisikika, huwaelekezea kidole wenzetu wa Katumba na Mishamo. Wazee wa makazi hayo walifika miaka ya 1970 wakikimbia bunduki, hawakuja kuzileta. Na mwaka 2014 wakimbizi wa zamani zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa nchi hii. Ni ndugu zetu. Silaha ya magendo haina kabila wala kambi. Ina mnunuzi na muuzaji tu, na mara nyingi mnunuzi ni mwenyeji aliyezaliwa hapa hapa.

Matokeo yake tumeyaona porini. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na mbuga zetu za Katavi na Rukwa hazikusalimika. Bunduki iliyotoka vitani ilikuja kuua tembo. Iliyoua tembo ilikuja kusimamisha basi. Tukiandika hivi hatumtishi msomaji. Twataka aone jambo moja: silaha haikai na nia ya yule aliyeinunua kwanza. Nia hufa au hubadilika, na chuma hubaki.

Ndiyo sababu Jamhuri yetu haikuliacha jambo hili sokoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, haimwulizi mwombaji ana fedha kiasi gani. Yauliza yeye ni nani. Yataka mtu mwenye akili timamu, asiye mkatili, asiye mtumwa wa pombe wala dawa za kulevya, na ajuaye kukitumia kitu anachokiomba. Ombi lake lapita mbele ya uongozi wa mtaa au kijiji, na mbele ya kamati ya usalama ya wilaya, kabla halijapanda juu kwa polisi. Kibali akipewa ni chake yeye mwenyewe. Hawezi kumwazima ndugu yake bastola kama amwazimavyo baiskeli. Bunduki za kivita hazimo kabisa katika hesabu ya raia.

Wako walalamikao kwamba njia hiyo ni ndefu. Ni ndefu kweli, na ofisa ambaye huirefusha zaidi kwa kutaka chai anastahili kuadhibiwa. Lakini urefu wa njia wenyewe si dhuluma. Jirani wa mtaa ndiye ajuaye kwamba fulani humpiga mkewe, au kwamba akilewa hutafuta ugomvi. Majirani wakiulizwa kwa dhati na wakajibu kwa dhati, kibali kinakuwa neno la jamii nzima. Yule apitaye njia ya mkato, akanunua silaha usiku kwa mtu asiyemjua, hajui kama bastola hiyo imewahi kuua. Siku akikamatwa nayo, atajibu pia maswali ya aliyeitumia kabla yake.

Basi natufike kwenye bastola yenyewe. Tuseme mtu amepimwa na majirani, amepewa kibali, na kazi yake kweli yamlazimu. Achague ipi?

Aina zilizo kuu ni mbili. Ya kwanza ni rivolva, yenye pipa dogo lizungukalo, lichukualo kwa kawaida risasi 5 au 6. Samuel Colt wa Marekani alipata hakimiliki ya rivolva yake mwaka 1836, na umbo lake halikubadilika sana tangu hapo. Sifa yake ni usahili. Haina magazini ya kupotea. Risasi moja ikikataa kulipuka, mtu huvuta tena kifyatulio na pipa huleta nyingine. Tena mwenyewe aweza kulifungua akahesabu kwa macho kilichomo. Kasoro yake ni kwamba pipa lile ni nene na hutokeza chini ya shati, kifyatulio ni kizito kwa kidole kisichozoea, na kujaza risasi upya kwachukua muda.

Ya pili ni bastola ya magazini, ambayo hujikoki yenyewe kila inapopiga. Ni bapa, hulala vema ubavuni, na huchukua risasi nyingi zaidi. Risasi yake iliyoenea kuliko zote ni ile ya milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kuwa imeenea, ni rahisi kuipata kihalali. Lakini bastola hii ina mtego mmoja ambao umezika watu wengi duniani, nasi twaomba kila msomaji aukariri. Kuchomoa magazini si kuimaliza bastola risasi. Moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Mtu huitoa magazini, akaiweka mezani, akajiona amemaliza. Kisha huvuta kifyatulio kwa mzaha au kwa kusafisha, na aliyeketi mbele yake huanguka. Asiyeweza kukumbuka jambo hilo moja kila siku ya maisha yake, achague rivolva; au, lililo bora, asichague chochote.

Kuhusu ukubwa, watu wengi hukosea hapa. Kwa kuwa wataka kuficha, huomba bastola ndogo kuliko zote dukani, ile iingiayo kiganjani kama kiberiti. Hawajui kwamba udogo hulipiwa. Bastola nyepesi hupiga mkono teke kali. Mtutu mfupi ni mgumu kuulenga. Mpini mdogo huacha vidole nje. Hivyo mwenyewe huogopa kufanya mazoezi nayo, na asiyefanya mazoezi hana silaha, ana hirizi. Ya kati yafaa zaidi: ambayo mkono wote waushika mpini, na ncha ya kidole yafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Asiagize kwa kutazama picha au kwa kusikia jina kubwa. Aishike mkononi, ikiwa haina kitu, mbele ya muuzaji mwenye leseni, na mikono yake mwenyewe imwambie.

Kisha iko ala, yaani mfuko wa kuichukulia, ambayo wanunuzi huikumbuka mwisho ilhali yastahili kukumbukwa mwanzo. Ala njema ni ngumu, haikunjiki, na hufunika kifyatulio chote ili kitu chochote kisikiguse. Huishika bastola hata mtu akikimbia au akianguka na pikipiki katika mchanga. Bastola iliyotupwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, au iliyochomekwa kiunoni bila ala, ni hatari ya kwanza kwa paja la mwenyewe. Mkoba wa mkononi nao si mahali pake, maana mkoba huwekwa juu ya kaunta, na mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokwapua. Shati pana lililoachwa nje, au koti la Kaunda suti, vyatosha kuficha. Na katika joto letu la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jasho la mwili hula chuma na vumbi huingia kila tundu. Bastola isiyofutwa na kupakwa mafuta mara kwa mara itakataa siku ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Na kwa nini ifichwe? Hapa mila zetu zina hekima. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Mtu mwenye silaha halali huificha ili asimtishe asiye na kosa, wala asimwonjeshe mwizi mahali pa kuiba. Aionyeshaye, kwa kupandisha shati kidogo anapokaa baa, amekwisha kutangaza mambo mawili: kwamba ni mshamba wa silaha, na kwamba nyumbani kwake kuna kitu cha kuvunjiwa mlango.

Jambo hili latuhusu sisi watu wa siasa kuliko wengine. Mwaka 2011, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Igunga, mkoa jirani wa Tabora, nchi nzima iliona picha ya mbunge mmoja wa chama tawala akiwa jukwaani na bastola kiunoni. Mwaka 2017, jijini Dar es Salaam, mtu asiye na sare alimtolea bastola mbunge aliyekuwa akienda kuzungumza na waandishi wa habari. Hatutaki kurudia mabishano ya siku zile. Twasema hili tu: hata silaha yenye kibali haina kazi mkutanoni. Mkutano ni mahali pa hoja, na hoja iliyosimama karibu na bastola haijulikani tena kama imeshinda kwa ukweli au kwa hofu. Afrika Mashariki imekwisha kulia kwa ajili hiyo. Tom Mboya aliuawa kwa bastola barabarani Nairobi mwezi Julai 1969, mchana, watu wakinunua na kuuza. Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, katika jengo la chama chake mwenyewe. Mwanachama aingiaye ofisini au mkutanoni na aiache silaha mahali pa salama, ama asije.

Tumejibu swali la bastola. Sasa yabaki swali ambalo muulizaji hakuuliza: je, hiyo bastola aliyoichagua vema itamwokoa?

Tuseme ukweli. Jambazi halipigi hodi. Mtu mwenye silaha iliyofichwa hushtukizwa kwanza, ndipo aanze kupandisha shati. Na katika muda huo mwenzake amekwisha kulenga. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja mwenye bastola aliwashambulia askari polisi, akachukua bunduki zao. Kabla hajauawa, walikuwa wamekufa askari 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi. Wale walikuwa watu waliofunzwa, wenye bunduki zilizo wazi mikononi. Kama wao walishtukizwa, mnunuzi wa dhahabu aliyechoka, arudiye saa mbili usiku kutoka machimboni, atafanyaje? Mara nyingi bastola yake haitakuwa ngao. Itakuwa nyongeza ya mali iliyoibwa, na kesho itamwelekea mtu mwingine.

Tena adui hatokei porini tu. Tazameni Marekani, ambako kubeba bastola iliyofichwa kumekuwa jambo la kawaida, na ambako watafiti walikadiria silaha za raia kufikia milioni 393 mwaka 2017, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa huko kwa risasi. Na zaidi ya nusu ya hao hawakuuawa na jambazi wala jirani; walijiua wenyewe. Bastola iliyonunuliwa kwa kumwogopa mgeni ilimkuta mwenye nyumba siku ya huzuni yake. Sisi nasi tuna madeni, tuna mavuno yanayoharibika, tuna ndoa zinazovunjika. Hasira hasara, walisema wazee. Lakini wenye kusema hivyo walikuwa na fimbo, na aliyepigwa fimbo aliweza kuombwa radhi kesho yake.

Wako pia watoto. Mtoto akililia wembe mpe, twasema, kwa kuwa kidonda cha wembe humfunza. Hapana azungumzaye hivyo juu ya bastola. Anayetaka kumiliki silaha bila sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungiwa ukutani, na ufunguo usiojulikana na watoto, huyo hajachagua silaha. Amechagua msiba na kuuwekea tarehe isiyojulikana. Chini ya mto si mahali pa kuwekea, wala juu ya kabati, wala ndani ya gunia la mahindi.

Na sasa twawageukia waajiri, maana hapa ndipo penye dhuluma isiyosemwa. Wako matajiri wamtumao karani au dereva kwenda kuchukua fedha taslimu mbali, kisha hujisifu kwamba wamempa ulinzi, yaani bastola ya tajiri. Kwanza, kibali ni cha tajiri, si cha karani. Hivyo kijana yule amekwisha kufanywa mhalifu kabla hajatoka uani. Pili, amewekewa roho yake dhamana ya mali isiyo yake. Mwajiri mwenye haki angepunguza fedha zenyewe barabarani. Benki zipo Mpanda. Malipo ya tumbaku yaweza kupita katika akaunti za wakulima. Na fedha kwa njia ya simu zimekuwapo nchini tangu mwaka 2008. Kila noti isiyosafiri mfukoni ni sababu moja iliyopungua ya kumvizia mtu njiani. Mfanyakazi akiombwa kubeba silaha isiyo na jina lake, akatae, na chama chake cha wafanyakazi kisimame naye.

Lakini shabaha yetu ni pana kuliko hapo. Bastola halali ni ghali. Mchimbaji mdogo hawezi kuinunua, wala mama auzaye samaki wa Karema, wala mwalimu wa shule ya msingi, wala mkulima wa Mishamo. Tukikubali kwamba dawa ya ujambazi ni kila mtu na bastola yake, tumekubali kwamba mwenye fedha atalindwa na asiye nazo aliwe. Hapo usalama umekuwa bidhaa dukani. Uhuru haukupiganiwa ili makabwela wabaki na hofu yao ilhali wakubwa wanatembea na chuma viunoni.

Wanyamwezi na Wasukuma walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi katika Shinyanga na Tabora, wanakijiji hawakungoja kununua bastola. Walipiga yowe, wakakusanyika na pinde na mishale, wakaunda Sungusungu. Hatusemi kwamba Sungusungu haikukosea. Ilikosea, na pengine ilikosea vibaya, ilipojifanya hakimu na kuwatesa watu wasio na hatia. Lakini siri ya nguvu yake ilikuwa moja: mtu aliyepiga yowe usiku alijua kwamba ataitikiwa. Yowe liitikiwalo lina nguvu kuliko bastola iliyofichwa, kwa sababu jambazi akilisikia hajui watokao ni watu wangapi.

Basi twataka mambo ya wazi kwa ajili ya Katavi. Halmashauri ziwashe taa katika masoko na stendi. Polisi wawe na vituo na magari mahali palipo na machimbo na minada, na wasafiri wenye fedha wapangiwe misafara ya mchana. Ulinzi wa jirani ufanywe kwa daftari na zamu, chini ya sheria, wala asipigwe mtu aliyekamatwa. Na wenye silaha zisizo halali wazisalimishe. Umoja wa Afrika uliuteua mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wasalimishao silaha kwa hiari, na mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa muda kama huo. Muda wa namna hiyo unapotangazwa, mwenye gobore la babu aliloficha darini asingoje mpaka mjukuu alikute.

Tumalizie kwa yule aliyetuuliza. Ndugu, hatukukukataza. Sheria haikukataza, na huenda kazi yako kweli yakulazimu. Lakini kabla hujaenda kutazama chuma dukani, kaa na mkeo na mzee mmoja akujuaye tangu utoto, uwaulize maswali matatu. Je, mimi ni mtu wa kukasirika upesi? Je, nikinywa hubadilika? Je, nitaweza kubeba kitu hiki miaka 20 bila kumwonyesha mtu, na bila kukitoa hata mara moja? Wakisita kukujibu, kusita kwao ndilo jibu. Wakikujibu vema, nenda kwa majirani zako mchana, uombe kwa njia iliyonyooka, uchague bastola ya kiasi, iliyo sahili, yenye ala ngumu na sanduku lenye kufuli. Kisha muombe Mungu ufe mzee ukiwa hujawahi kuitumia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli; lakini fimbo ya karibu iliyo mikononi mwa mtu asiyefaa haiulizi ni yupi nyoka na ni yupi mwana.